Umaarufu wa Mwanasoka Mstaafu Mtandaoni: Mfano wa Birgit Prinz wa Ujerumani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inatokana na mazingira ya soko, ambamo mnunuzi huikagua bidhaa kwa macho na kwa mikono yake kabla ya kutoa fedha. Katika soko la namna hiyo, muuzaji wa maembe yaliyoiva vyema hana haja ya kupaza sauti. Swali linaloibuka ni iwapo methali hii ingali na mashiko katika soko jipya la majina na sifa za watu, yaani mtandao wa intaneti. Katika soko hili mtazamaji hukutana na picha, takwimu na masimulizi tu, na aghalabu anayejitembeza zaidi ndiye anayeonekana zaidi.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kumrejelea Birgit Prinz, mshambulizi wa zamani wa timu ya taifa ya wanawake ya Ujerumani aliyestaafu mwaka 2011. Prinz ni mfano mwafaka kwa sababu mbili. Kwanza, mafanikio yake uwanjani hayana mfano katika historia ya kandanda ya nchi yake. Pili, katika maisha yake yote ya uchezaji alijulikana kama mtu asiyependa kupigiwa tarumbeta. Hata hivyo, jina lake hurejelewa mtandaoni kila panapozuka mjadala kuhusu wachezaji bora wa kike waliowahi kucheza kandanda. Makala yanaeleza umaarufu huo umejengwa na nini, unapungukiwa na nini, na lugha ya anayeuliza ina nafasi gani katika jibu analolipata.

Umaarufu, Sifa na Kustaafu

Kabla ya kumwangalia mchezaji mwenyewe, ni vyema kuyapambanua maneno matatu ambayo matumizi yake ya kila siku huficha tofauti muhimu. Neno umaarufu lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kujua. Mtu maarufu, kwa maana hiyo ya asili, ni mtu anayejulikana. Neno lenyewe halisemi anajulikana kwa lipi. Mwizi sugu anaweza kuwa maarufu sawa na mwalimu mwadilifu.

Neno sifa, ambalo pia lina asili ya Kiarabu, huelekeza akili mahali pengine. Sifa ni tabia au hali iliyo ndani ya mtu au kitu, na ni kutokana nayo ndipo mtu husifiwa. Kwa hivyo sifa humtangulia msifu. Mchezaji mwenye kasi ana sifa ya kasi hata kabla ya kuonwa na mtu yeyote, ilhali umaarufu hauwezi kuwapo bila wanaomjua.

Kitenzi kustaafu nacho, katika Kiarabu kilikotoka, kina maana ya kuomba kuondolewa katika jukumu, kama mtu anayeomba radhi ili aruhusiwe kwenda zake. Mchezaji anayestaafu huomba aachwe apumzike, na klabu na timu ya taifa humruhusu. Mtandao, hata hivyo, hauna desturi ya kumruhusu mtu aondoke. Humhifadhi alivyokuwa, na humleta tena mbele ya watazamaji ambao pengine hawakuwa wamezaliwa alipocheza mechi yake ya mwisho. Tofauti hizi tatu ndizo zitakazoongoza sehemu zinazofuata.

Mchezo Uliokosa Kumbukumbu

Umaarufu wa mtandaoni hutegemea kilichohifadhiwa. Palipokosekana kamera, mtandao hauna cha kuonyesha. Ni muhimu basi kufahamu kwamba kandanda ya wanawake nchini Ujerumani ilinyimwa kumbukumbu kwa makusudi kwa muda wa miaka 15.

Mnamo Julai 1955, mwaka mmoja tu baada ya wanaume wa Ujerumani Magharibi kutwaa Kombe la Dunia mjini Bern, chama cha kandanda cha nchi hiyo, DFB, kilizipiga marufuku klabu wanachama kuunda timu za wanawake au kuwapa wanawake viwanja vya kuchezea. Chama kilidai kwamba mchezo huo wa kukabiliana kimwili haulingani na maumbile ya mwanamke, kwamba unamdhuru mwili na roho, na kwamba kuuonyesha mwili wake uwanjani ni kukiuka adabu. Wanawake hawakuacha kucheza. Mwaka 1956, kwa mfano, mechi isiyo rasmi dhidi ya Uholanzi ilichezwa mjini Essen mbele ya umati wa watazamaji. Lakini waliocheza katika miaka hiyo walicheza nje ya ligi, nje ya vitabu vya rekodi, na kwa kiasi kikubwa nje ya kamera.

Marufuku hayo yaliondolewa mnamo Oktoba 1970, ingawa masharti ya pekee yalibakia, likiwemo la kucheza kwa muda mfupi kuliko dakika 90 za wanaume. Timu ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza rasmi Novemba 10, 1982, mjini Koblenz, ikaishinda Uswisi kwa mabao 5 kwa 1. Mwaka 1989, Ujerumani Magharibi iliandaa mashindano ya kuwania ubingwa wa Ulaya. Wanawake hao waliilaza Norwei mabao 4 kwa 1 katika fainali iliyochezwa Osnabrück, na chama kikawazawadia kila mmoja seti ya vyombo vya kahawa. Ligi kuu ya wanawake ilianza mwaka 1990.

Zawadi hiyo ya vyombo vya kahawa imekuja kuwa miongoni mwa visa vinavyosimuliwa mno kuhusu kandanda ya wanawake ya Ujerumani. Inafaa kuzingatia kinachosimuliwa. Watu wengi wanaoijua hadithi ya vikombe hivyo hawawezi kumtaja aliyefunga hata bao moja kati ya yale manne ya fainali. Kioja kimehifadhiwa vizuri kuliko mchezo. Huu ni mfano wa awali wa jambo litakalojitokeza tena: umaarufu huchagua kilicho chepesi kusimulika.

Sifa za Prinz Uwanjani

Birgit Prinz alizaliwa Frankfurt am Main Oktoba 25, 1977. Aliichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza Julai 1994 dhidi ya Kanada, akiwa na umri wa miaka 16. Aliingia kama mchezaji wa akiba katika kipindi cha pili na kufunga bao la ushindi dakika moja kabla ya dakika 90 kutimia. Mwaka uliofuata alicheza katika fainali ya Kombe la Dunia nchini Uswidi, ambapo Ujerumani ilishindwa na Norwei kwa mabao 2 kwa 0. Alikuwa na miaka 17.

Kuanzia hapo orodha ya mafanikio yake inakuwa ndefu. Alikuwa bingwa wa Ulaya na timu ya taifa mara tano, katika miaka ya 1995, 1997, 2001, 2005 na 2009. Alitwaa nishani ya shaba katika michezo ya Olimpiki ya 2000, 2004 na 2008. Akiwa na klabu ya 1. FFC Frankfurt alishinda kombe la klabu bingwa za Ulaya mara tatu, na mwaka 2002 alitwaa taji la ligi ya Marekani akiwa na Carolina Courage. Katika Kombe la Dunia la 2003 nchini Marekani alifunga mabao 7, akawa mfungaji bora na pia mchezaji bora wa mashindano. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lilimtawaza mchezaji bora wa dunia upande wa wanawake kwa miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005.

Mwaka 2007 aliiongoza Ujerumani kama nahodha katika Kombe la Dunia nchini Uchina. Timu hiyo iliifunga Ajentina mabao 11 kwa 0 katika mechi ya ufunguzi, naye Prinz akacheka na wavu mara tatu. Katika fainali iliyochezwa Shanghai Septemba 30, alifunga bao la kwanza katika ushindi wa 2 kwa 0 dhidi ya Brazili. Ujerumani ikawa timu ya kwanza kulitetea kombe hilo kwa mafanikio, na haikufungwa hata bao moja katika mashindano yote.

Alipostaafu alikuwa ameichezea nchi yake mechi 214 na kuifungia mabao 128. Waliomtazama walizijua pia sifa zisizoandikika katika majedwali. Alikuwa na mwili wenye nguvu, alikimbia kwa hatua ndefu, na aliweza kuulinda mpira huku mabeki wawili wakimning'inia begani. Mabao yake mengi hayakuwa ya madoido. Alifika palipostahili kufikwa, mpira ukaingia. Jambo hili lina uzito katika mjadala unaofuata, kwa maana bao la kawaida lililofungwa na mtu aliyejipanga vyema halimvutii mtazamaji wa video fupi jinsi anavyovutiwa na bao la mkasi.

Nguzo za Umaarufu wa Mtandaoni

Umaarufu wa mchezaji mstaafu katika mtandao husimama juu ya nguzo nne zinazoweza kutambuliwa kwa urahisi, nazo ni takwimu, picha, ulinganisho na kisa.

Takwimu ndizo nguzo ya kwanza. Tarakimu husafiri kwa wepesi kupita habari nyingine zote. Hazihitaji kutafsiriwa, hazina hakimiliki, na zinaweza kunakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila kuchakaa. Prinz amebahatika katika upande huu. Tarakimu 214 na 128 zinajitosheleza, na kila anayeandaa orodha ya wafungaji wakuu wa timu za taifa hulazimika kumtaja. Hata mtu asiyewahi kumwona akicheza anaweza kumjua kupitia tarakimu hizo. Upungufu wake ni kwamba tarakimu humjulisha mtu bila kumwonyesha.

Nguzo ya pili ni picha, na hapa Prinz amepungukiwa. Mtandao wa YouTube ulianzishwa Februari 2005, na Instagram mwaka 2010. Maana yake ni kwamba kilele cha uchezaji wake, kati ya 2003 na 2005, kilipita kabla ya kuwapo kwa vyombo vinavyotengeneza umaarufu wa sasa. Hakuna aliyekuwa kiwanjani mwaka 1994 akiwa na simu ya kurekodi bao lake la kwanza. Kilichosalia ni kanda za mashirika ya utangazaji, nazo humfikia mtazamaji pale tu mwenye kanda anapoamua kuziweka wazi. FIFA, kwa mfano, ilipozindua huduma yake ya FIFA+ Aprili 2022, iliingiza humo mechi za zamani za Kombe la Dunia, za wanaume na za wanawake. Umaarufu wa mchezaji wa kizazi cha Prinz, kwa hivyo, umo mikononi mwa mtunza maktaba.

Uzito wa picha unadhihirika zaidi tunapomlinganisha Prinz na mwenzake Nia Künzer. Künzer alizaliwa Mochudi nchini Botswana mwaka 1980, wazazi wake walipokuwa wakifanya kazi ya maendeleo huko, kisha akakulia Ujerumani. Majeraha ya kano za goti yalimwandama katika maisha yake ya uchezaji, na aliiwakilisha Ujerumani katika mechi 34 tu, akafunga mabao 2. Lakini mojawapo ya mabao hayo mawili ni lile la fainali ya Kombe la Dunia ya Oktoba 12, 2003, mjini Carson, California. Uswidi ilikuwa imetangulia kufunga, Ujerumani ikasawazisha mara tu baada ya mapumziko, na mechi ikaingia muda wa ziada. Künzer alikuwa ameingia kama mchezaji wa akiba zikiwa zimesalia dakika chache. Katika dakika ya 98, Renate Lingor alipiga mpira wa adhabu, Künzer akaruka juu ya walinzi na kuutia wavuni kwa kichwa. Kwa kuwa kanuni ya bao la dhahabu ilikuwa ingali inatumika, mechi iliishia papo hapo.

Nchini Ujerumani watu zaidi ya milioni 10 waliitazama fainali hiyo katika televisheni, na watazamaji wakalichagua bao hilo kuwa bao bora la mwaka 2003. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke kupata tuzo hiyo. Bao la Künzer lina kila kinachohitajika mtandaoni: ni fupi, lina mwanzo na mwisho, na halihitaji maelezo. Mabao 7 ya Prinz katika mashindano yale yale ndiyo yaliyoifikisha timu hapo, likiwemo moja katika ushindi wa 3 kwa 0 dhidi ya wenyeji Marekani katika nusu fainali. Hata hivyo, kazi iliyotapakaa katika mechi sita haiingii katika video ya sekunde 20. Jambo hili halimpunguzii Künzer heshima yake. Linachoonyesha ni kwamba mtandao hupima tukio, na huwa mzito wa kupima mwendo mrefu.

Nguzo ya tatu ni ulinganisho. Mchezaji mstaafu hukumbukwa anapofikiwa au kupitwa. Prinz alifunga mabao 14 katika michuano ya Kombe la Dunia, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mwanamke aliyemzidi. Mwaka 2015 Marta wa Brazili alifikisha bao lake la 15, na kufikia 2019 alikuwa na 17. Kila hatua ya Marta ilimlazimisha mtangazaji kulitaja jina la aliyekuwa akifukuzwa. Kwa namna hii, kuvunjwa kwa rekodi kulimrudishia Prinz umaarufu badala ya kumwondolea. Baadaye, rekodi mpya inapozoeleka, jina la aliyepitwa huanza kuachwa katika habari. Umaarufu unaotegemea ulinganisho hudumu kadiri mpinzani anavyohitaji kulinganishwa.

Nguzo ya nne ni kisa, yaani jambo lililo kando ya mchezo ambalo watu hupenda kulisimulia. Kisa kinachosimuliwa mno kumhusu Prinz ni cha mwishoni mwa mwaka 2003, wakati Luciano Gaucci, aliyekuwa rais wa klabu ya Perugia ya ligi kuu ya Italia, alipotaka kumsajili acheze pamoja na wanaume. Gaucci alikuwa mtu aliyezoea kuvuta macho ya vyombo vya habari, na mwaka huo huo alikuwa amemsajili mwana wa Muammar Gaddafi wa Libya. Prinz alikataa. Katika mtandao, kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kioja cha kuchekesha, na uzito wa uamuzi wenyewe hupotea. Mchezaji bora wa dunia alitakiwa kuliacha dimba ambalo alikuwa wa kwanza, aende kuwa kivutio katika dimba ambalo pengine asingepewa nafasi ya kucheza. Aliona kwamba umaarufu alioahidiwa ungeimeza sifa aliyokuwa nayo.

Lugha ya Anayeuliza

Mbali na nguzo hizo nne, kuna jambo la tano ambalo wanafunzi wa lugha hawana budi kulitazama kwa makini. Habari ya mtandaoni hupatikana kwa kuuliza, na swali huulizwa kwa lugha fulani. Mtu akiuliza ni nani mfungaji bora wa timu ya taifa ya Ujerumani, jibu analotarajia kulipata ni Miroslav Klose, aliyefunga mabao 71. Akiuliza ni nani aliyeichezea Ujerumani mechi nyingi zaidi, atatajiwa Lothar Matthäus na mechi zake 150. Prinz ana mabao 128 na mechi 214. Ili apatikane, sharti muulizaji aongeze kwamba anamtafuta mwanamke.

Katika Kijerumani, jambo hili limo ndani ya sarufi yenyewe. Mchezaji wa kiume huitwa Spieler na wa kike huitwa Spielerin, na umbo la kiume ndilo lililozoeleka kutumika linapokusudiwa kundi zima. Kiswahili ni tofauti. Ngeli ya A-WA haibagui jinsia. Maneno kama mchezaji, mfungaji, nahodha na mlinda lango humfaa mwanamke na mwanamume kwa umbo lile lile, na viambishi vya upatanisho havibadiliki. Kwa mujibu wa sarufi ya Kiswahili, swali kuhusu mfungaji bora wa Ujerumani ni swali kuhusu watu wote waliowahi kuifungia Ujerumani, na jibu lake sahihi ni Birgit Prinz.

Matumizi, hata hivyo, hayafuati sarufi daima. Watangazaji na waandishi wa Kiswahili husema Kombe la Dunia wanapokusudia la wanaume, na Kombe la Dunia la Wanawake wanapokusudia lile jingine. Husema timu ya taifa, kisha timu ya taifa ya wanawake. Sarufi imeuacha mlango wazi, na mazoea yameurudishia. Inafaa kukiri kwamba mazoea haya hayakuanzia katika Kiswahili, kwa kuwa hata majina rasmi ya mashindano yenyewe yamebeba tofauti hiyo. Lakini lugha isiyobagua jinsia katika nomino zake inampa mtumiaji fursa ambayo msemaji wa Kijerumani hana budi kuipigania.

Wapo watakaopinga kwamba haifai kulinganisha mabao 128 na 71, kwa kuwa tofauti ya uwezo kati ya timu za wanawake ilikuwa kubwa katika enzi ya Prinz. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ushindi wa 11 kwa 0 dhidi ya Ajentina ni ushahidi. Lakini tofauti hiyo nayo ina historia. Zipo nchi ambazo, sawa na Ujerumani, ziliwanyima wanawake viwanja kwa miaka mingi, na timu zao zikachelewa kukua. Tena, anayetaka kuzipima rekodi hizo mbili kwa uadilifu hana budi kwanza kuziona zote mbili. Mtu hawezi kupuuza asichokijua kwa kisingizio kwamba amekipima.

Gharama ya Kujulikana

Itakuwa kosa kudhani kwamba umaarufu ni neema tupu ambayo Prinz ameikosa kwa sehemu. Mwaka 2011 Ujerumani iliandaa Kombe la Dunia, na nchi ikamfanya nahodha huyo kuwa mmoja wa nyuso kuu za mashindano. Kampuni ya Mattel ilitengeneza hata mwanasesere wa Barbie kwa sura yake. Mtu aliyezoea kuepuka vigelegele alijikuta akitarajiwa kuvipokea kila siku.

Alikuwa na miaka 33. Mechi ya kwanza dhidi ya Kanada, iliyochezwa Juni 26 katika uwanja wa Olimpiki wa Berlin, ilihudhuriwa na watazamaji zaidi ya 73,000. Prinz hakufunga, na aliondolewa uwanjani kabla ya mechi kwisha. Ikawa hivyo hivyo dhidi ya Nigeria mjini Frankfurt, jiji alikozaliwa. Katika mechi ya tatu dhidi ya Ufaransa, kocha Silvia Neid, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanawake walioanza na timu hiyo mwaka 1982, hakumpanga. Prinz hakucheza tena. Ujerumani iliondolewa na Japani katika robo fainali kwa bao 1 kwa 0 katika muda wa ziada, na mnamo Agosti mwaka huo mshambulizi huyo akatangaza kustaafu kabisa.

Mchezaji aliyefunga mabao 128 alihukumiwa hadharani kwa mechi mbili ambazo hakufunga. Huo nao ulikuwa umaarufu. Kadiri watu wanaomjua mtu wanavyoongezeka, ndivyo wanaomhukumu wanavyoongezeka pia, na wengi wao huwa wamefika juzi.

Hatua aliyoichukua baadaye inaeleza mengi. Alikuwa amesomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Frankfurt alipokuwa angali mchezaji, na baada ya kustaafu alifanya kazi ya mwanasaikolojia wa michezo katika klabu ya TSG Hoffenheim, na vilevile na timu ya taifa ya wanawake. Wachezaji wenzake wengine walichukua njia iliyo mbele ya macho ya watu. Künzer alikuwa mchambuzi katika televisheni kwa miaka mingi kabla ya kuteuliwa mkurugenzi wa michezo wa upande wa wanawake katika DFB mwaka 2024. Prinz alichagua kazi ambayo kanuni yake ya kwanza ni usiri. Mwanasaikolojia hafanyi kazi yake mbele ya kamera, na mafanikio yake hayaandikwi katika ubao wa matokeo. Mchezaji aliyejua uzito wa kutazamwa aliamua kuwasaidia wengine kuubeba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba umaarufu wa Birgit Prinz mtandaoni umejengwa zaidi kwa takwimu na ulinganisho, na kwa kiasi kidogo kwa picha na visa. Yameonyesha pia kwamba upungufu wa picha haukusababishwa na upungufu wa sifa. Ulisababishwa na wakati aliocheza, na historia ya mchezo ambao kwa miaka 15 haukuruhusiwa hata kuwa na kiwanja. Aidha, yamebainisha kwamba jinsi swali linavyoulizwa huamua ni nani atakayeonekana katika jibu.

Je, chema chajiuza? Katika mtandao, chema hujiuza iwapo kuna aliyekiweka mezani. Prinz hakujitembeza, na wala haikumpasa. Lakini pasingekuwa na watu waliohesabu mabao yake, waliohifadhi kanda za Shanghai na Carson, na waliosahihisha orodha zilizomsahau, sifa zake zingebaki kwa waliokuwa uwanjani tu, kama zilivyobaki sifa za wanawake waliocheza Essen mwaka 1956.

Kazi hiyo ya kuhifadhi haijawahi kuwa ya Wajerumani peke yao. Kamusi elezo ya Wikipedia ina toleo la Kiswahili tangu mwaka 2003, na huandikwa na yeyote aliye tayari kuandika. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeandika humo kwamba mfungaji bora wa timu za taifa za Ujerumani ni Birgit Prinz, kwa mabao 128, atakuwa ameandika ukweli, na hatalazimika kuongeza neno lolote ili sarufi imruhusu.